Njugu Moja Shavuni mwa Kindi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyua na majiko kama yenu nyinyi mnaonisikiliza, kaya kumi zililima shamba moja la njugu mawe. Lakini mwenye kwato atashikaje njugu mojamoja? Kazi ya kugawa wakampa Kindi. Ujira wake ulikuwa baki: kinachobaki mafungu yakishalingana ni chake.

Mwaka huo Kindi akahesabu njugu elfu mbili mia tano na ishirini. Akapiga hesabu kichwani, akashtuka. Lo! Gawa kwa mbili, gawa kwa tatu, nenda hadi kumi, namba ile inagawanyika tu, haibaki hata moja!

"Yaani nimeumia mgongo bure?" akanung'unika. Akatazama kushoto, akatazama kulia, njugu moja hiyooo, shavuni.

Akagawa kwa kaya kumi. "Baki tisa!" akatangaza.

"Tisa?" Bi Ndovu akashangaa. "Nyingi mno hizo kwa ujira! Basi gawa kwa tisa, baki iishe. Mimi na Mama Faru tutakula fungu moja."

"Baki nane!"

"Haya, unganisha wengine, gawa kwa nane."

"Baki saba!"

"Namba gani hii yenye kiburi!" Nyati akapiga kwato, puu! "Ngojeni kwanza. Kila tukigawa, inapungua moja tu mafungu yatimie. Kuna mtu kaila! Nani alikaa karibu na lundo?"

Macho yote yakamgeukia Mzee Kiboko, mwenye mdomo mpana kuliko wote.

"Mimi? Wallahi sijala!" Mzee wa watu akaapa, wanawe wakimtazama. Akapanua kinywa, aaah! "Ingia, Kindi mwanangu, utafute. Wewe ndiye ninayekuamini."

Kindi akaingia. Nyuma ya jino la mwisho palikuwa na pengo la kutosha njugu moja barabara. Aiteme tu pale, apige kelele "Hii hapa!", mambo yaishe. Lakini Mzee Kiboko alikuwa ameacha kinywa wazi, hata mate hamezi, asije akamuumiza. Kindi akaona aibu. Aibu ikampanda toka mkiani hadi masikioni, na njugu ikawa nzito shavuni hata shingo ikamuuma.

Akatoka, akainama juu ya lundo. Tok!

"Gawa kwa kumi," Bi Ndovu akasema polepole.

Akagawa. Mia mbili hamsini na mbili kwa kila kaya, baki hakuna. Hakuna aliyemtukana, heri wangemtukana. Mzee Kiboko akafumba kinywa, akatoa njugu moja katika fungu lake, akaisukuma kwa pua hadi miguuni pa Kindi.

"Ungesema tu mwaka huu hakuna baki, mwanangu. Tungekuchangia."

Kindi hakuweza kuinua uso. Na hadi leo akipata njugu hukimbilia kuifukia, asionekane nayo.

Nanyi mjue, wanangu: njugu moja ya wizi inatosha kumvua mtu nguo mbele ya wanaomwamini.