Paka wa Udongo wa Osugi

Sogeeni karibu, niwapeleke Japani. Huko kulikuwa na hekalu la paka wa udongo wanaoita kwa mkono, na mwenye shida hupewa mmoja. Osugi, muuza chai, alikwenda kwa kijicho tu, maana kibanda cha jirani yake Otane kilijaa wateja.

“Mama, mwelekeze kwenye unachokitamani,” mtawa wa hekalu alimwambia, akimkabidhi paka.

Aliporudi kibandani kwake, Osugi akamwelekeza kwa Otane. Paka akaita, likaja birika la Otane. Akaita, likaja benchi na wateja wake juu. Osugi akacheka. Akaita tena, akaja Otane mwenyewe, akaketi, akashika birika lake.

“Dada Osugi,” akasema kwa upole, “maji yamekwisha.”

Wateja wote wakamtazama Osugi. Mimi nimemwacha kisimani, anachota.