Nanzia na Mkuyu wa Mfereji

Paukwa!

Pakawa!

Paliinuka nini?

Sema, nasi tusikie!

Paliinuka mti, ukarefuka kuliko akili za waliokaa chini yake. Na ninyi mmekaa wapi?

Tumekaa chini, twakungoja!

Kaeni hapo hapo. Ngano yangu ni ya walio chini.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado hawajachoka kuzungumza na watu, palikuwa na kijiji cha milimani kilichokunywa maji ya mfereji mmoja. Mfereji ulitoka chemchemi, ukapita mashambani, ukapita migombani, na kabla ya kuingia kijijini ukapita chini ya mkuyu mkubwa.

Mkuyu ule ulikuwa na baraka zake na ukaidi wake. Kila mwaka ulitandaza matawi mapya juu ya mfereji, majani yakaziba maji. Kila mwaka ulikausha matawi ya zamani juu ya njia, nayo yakaanguka bila kubisha hodi. Kwa hiyo kabla ya masika ilikuwa lazima upunguzwe.

Na desturi ilikuwa hii. Nyumba moja hupewa zamu. Ngoma hupigwa, wanawake huimba jina la mwanamume wa nyumba ile, naye hufunga kamba kiunoni, huchomeka panga mgongoni, hupanda. Akishuka mzima, huitwa Dume la Mkuyu mpaka mwaka mwingine. Akishuka vingine, watu husema, "Mti umechukua wake." Huzika, huenda zao. Katika miaka kumi mti ulikuwa umechukua wake watatu.

Mwaka huo zamu iliangukia nyumba ya Mbonea.

Mbonea alikuwa na mke, jina lake Nanzia, na mtoto wa kunyonya, jina lake Nakunda. Alikuwa pia na mkono wa kulia uliovunjika alipoteleza kwenye mawe ya mfereji. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini umeunga vibaya.

"Baba Nakunda," alisema Nanzia, "mkono huo jana umeshindwa kuinua kibuyu cha uji."

"Kilikuwa cha moto."

"Kilikuwa kitupu."

Mbonea akakohoa. "Baba yangu alipanda. Babu yangu alipanda. Wataka waniite nani, mama Nakunda? Kuku?"

"Kuku hulala na huamka."

"Nitapanda."

"Kwa mkono wa nani?"

"Nimesema nitapanda!"

Akatoka. Lakini Nanzia alimwona akisimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono mzima, hauachi, kama mtu aliyesahau nje kuko upande gani. Zilibaki siku tatu ngoma ipigwe. Nanzia akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kutafuta shauri.

Akamkuta Tumbili. "Tumbili, tawi la juu hukatwaje, mtu asife?"

"Apande!" alisema Tumbili. "Miguu ikiteleza, ajishike kwa mkia."

"Mume wangu hana mkia."

"Hilo angeliwaza kabla ya kuzaliwa."

Akamkuta Tembo. "Tembo, tawi la juu hukatwaje, mtu asife?"

"Sukuma mti mzima! Ukilala chini, tawi la juu liko wapi?"

"Utalalia nyumba zetu."

"Uliniuliza habari za tawi," alisema Tembo, "hukuniuliza habari za nyumba."

Akamkuta Kinyonga kwenye kijiti cha mbono. Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa wakimwona Kinyonga hutema mate na kugeuza njia. Nanzia naye alikuwa na mate tayari mdomoni. Lakini hakubaki mwingine wa kuulizwa. Akayameza.

Kinyonga hakumtazama, au alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwa nzi aliyetua mbali, mwisho wa kijiti. Miguu yake minne imeshika. Mkia wake umeshika. Mara ulimi ukatoka, pwaa! Nzi hayupo.

"Umefikaje kule?" aliuliza Nanzia.

"Sikufika. Ulimi ndio uliofika. Mimi niko hapa tangu asubuhi." Kisha akaimba, nanyi mniitikie:

*Miguu yangu imeshika,*
*urefu wangu umetoka,*
*sikwenda, na nimefika!*

Nanzia akapima kwa macho umbali wa kutoka kwa Kinyonga mpaka alipokuwa nzi. Kisha akaondoka mbio.

Akakata mwanzi mkavu, mwepesi, mrefu kuliko nyumba mbili. Akaenda kwa mhunzi, jina lake Sempoli, mtu wa moto na maneno. "Nifulie mundu. Uwe na meno upande wa ndani, nipate kuutundika juu ya tawi na kuvuta."

"Wataka kuvuna nyasi za mbinguni, mama Nakunda?"

"Nataka kubaki na mume."

Sempoli akaacha kucheka. Akafua, na Nanzia akaufunga mundu kwenye ncha ya mwanzi.

Siku ya kwanza Nanzia alimlaza mtoto kwa jirani, akaenda kwenye mti wa porini nyuma ya migomba. Akasimama chini ya tawi, akainua mwanzi wima, akatundika mundu, akavuta. Kwere, kwere, kwere. Unga wa mti ukamwingia machoni. Akafumba. Alipofumbua, tawi lilikuwa njiani linakuja. Likapita begani, likachubua ngozi, likapiga ardhi kando ya kisigino chake.

Akarudi kwa Kinyonga, bega linatoka damu.

"Ulisimama wapi?" aliuliza Kinyonga.

"Chini ya tawi."

"Mimi nzi aliye mbele yangu humla. Aliye juu ya kichwa changu humwacha apite." Akaimba, nanyi mniitikie:

*Miguu yangu imeshika,*
*urefu wangu umetoka,*
*sikwenda, na nimefika!*

Siku ya pili Nanzia alisimama kando. Aliulaza mwanzi kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, tawi likawa mbele yake, si juu yake. Kwanza aliondoa mawe na mizizi nyuma yake, apate pa kurudi nyuma bila kujikwaa. Akavuta. Kwere, kwere, kwere. Tawi likainama kabla halijakatika, uzito wa majani ukalivuta, na gome likachanika chwaaa! mpaka katikati ya shina. Tawi likaning'inia kwa gome lake, likazunguka kama mlango uliovunjika bawaba, likampokonya mwanzi mikononi. Yeye hakuumia. Lakini mti ulibaki na kidonda kirefu, cheupe, na utomvu ukitiririka.

Akarudi kwa Kinyonga. "Safari hii gome limechanika."

Kinyonga akazungusha jicho la kulia. Akazungusha jicho la kushoto.

"Mama," alisema, "mimi nakula nzi. Nzi hana gome." Akaimba, nanyi mniitikie kwa mara ya mwisho, kwa kuwa hana jingine la kutupa:

*Miguu yangu imeshika,*
*urefu wangu umetoka,*
*sikwenda, na nimefika!*

Nanzia akaketi kando ya mfereji. Hakulia, alikuwa na njaa. Akachukua muwa, akauvunja kwa goti, na ganda likachanika refu mpaka chini, likamkata kidole. Akakitazama kile kidole. Ndipo alipomkumbuka mama yake, ambaye hakuvunja muwa kamwe kabla ya kuutia chale kwa kisu upande wa pili, ganda lipate mahali pa kukomea.

"Tumbo la tawi kwanza," alijisemea Nanzia. "Mgongo baadaye."

Asubuhi ya siku ya tatu akaenda kwa Sempoli. "Nitilie meno na upande wa nje."

"Juzi meno ya ndani, leo meno ya nje. Kesho utataka na ufizi?"

"Kesho ni ngoma. Harakisha."

Jioni ya siku ya tatu alijaribu tena. Alikata ncha ya tawi kwanza, lipungue uzito. Kisha akalitia jeraha dogo tumboni, kwa kusukuma meno ya nje kutoka chini. Kisha akahamia juu, mgongoni mwa tawi, mbele kidogo ya jeraha lile, akavuta. Tawi likasema to! Likaanguka peke yake, halikuchukua gome wala mtu.

Kulipokucha, ngoma ikalia.

Kijiji kizima kilikuwa mkuyuni. Msimamizi wa mfereji, jina lake Kitojo, ndiye aliyepiga ngoma, na wanawake wakaanza kuimba jina la Mbonea. Mbonea alisimama shinani, kamba kiunoni, uso wake umekuwa rangi ya jivu. Nanzia hakumsihi. Alikuwa amekwisha kumsihi nyumbani, na mtu aliyekwisha kuimbwa hasikii. Alimwachia jirani mtoto, akapita katikati ya watu na mwanzi wake begani, akaenda upande wa mfereji.

"Ondoeni watoto hapa," alisema. "Na yule mbuzi."

Kitojo akasimamisha ngoma. "Mama Nakunda, hicho nini? Wavua samaki angani?"

Watu wakacheka.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Kitojo, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mti hukatwa na aliye juu yake. Aliye chini hukatwa na mti. Ndivyo tulivyokuta."

"Shikamoo, baba Kitojo," alijibu Nanzia. "Nami ndivyo nilivyokuta. Lakini wale watatu hawakuwa chini."

Watu wakawavuta watoto wao kando, na yule mbuzi.

Akatazama juu, tawi litaangukia wapi. Akatazama nyuma, atakimbilia wapi. Akapiga hatua tatu kando. Akaulaza mwanzi. Ncha kwanza. Tumbo baadaye. Mgongo mwisho. Kwere, kwere, kwere, to! Tawi likaanguka kando ya mfereji, maji yakaruka, na jua likashuka pale ambapo halijashuka tangu mwaka jana.

Likafuata la pili. Likafuata la tatu. Mikono ya Nanzia ikaanza kuchoka, kwa maana mwanzi mrefu ni mwepesi asubuhi na mzito adhuhuri. Akapumzika. Akaendelea. Njia ikawa wazi, mfereji ukawa wazi.

Likabaki tawi moja, kavu, jeupe, juu kabisa. Nanzia akanyoosha mwanzi, haukufika. Akasimama kwa ncha za vidole, haukufika. Akatazama jiwe lililokuwa karibu, na kila mtu alimwona akilitazama. Kisha akaushusha mwanzi.

"Haufiki," alisema.

"Basi ngoma haikulia bure," alisema Kitojo. "Mbonea, panda. Ni moja tu."

Mbonea akashika shina. Akaweka mguu kwenye fundo la kwanza. Nanzia alihisi maziwa yakimtoka kifuani, na mtoto hakuwa amelia.

"Baba Kitojo," alisema, "tawi lile liko juu ya nini?"

"Juu ya... juu ya mwamba ule."

"Nani analala pale?"

"Hakuna."

"Nani anapita pale?"

"Hakuna, mama, pana upupu."

"Basi tupazungushie miiba, tawi lianguke siku litakapopenda. Je, kila kilicho juu lazima kikatwe? Au tumezoea tu kumpandisha mtu?"

Kitojo akawatazama wenzake, awapate wa kumsaidia. Nao walikuwa wakimtazama Mbonea, aliyesimama mguu mmoja mtini na mguu mmoja ardhini.

Mbonea akashuka. Ilikuwa hatua moja tu, lakini waliokuwapo walisema hawajaona mtu akishuka kutoka mbali namna ile. Akafungua kamba kiunoni. Mkono wa kulia ulikataa kufungua fundo; akamalizia kwa wa kushoto.

"Naogopa," alisema. "Naogopa tangu siku mliponitajia zamu. Nimekuwa nikiamka nikiogopa na kulala nikiogopa, na nilikuwa napanda kwa sababu ninyi mnaimba."

Ndipo mwanamke mmoja akasogea mbele, jina lake Namkunde, mjane wa yule wa tatu aliyechukuliwa na mti. "Mume wangu naye aliogopa," alisema. "Aliniambia alfajiri ile, tukiwa wawili. Nikamwambia, nenda, usinitie aibu. Kisha nikaja hapa, nikaimba kuliko wote."

Kitojo aliiweka ngoma chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Hakuna aliyeagiza. Mmoja alikwenda kukata miiba. Mwingine akaanza kuburuta matawi. Mbonea alikwenda kwa mkewe, akaushika mwanzi mahali pa chini kwa mkono wake mzima, Nanzia akaushika mahali pa juu, wakasawazisha vigutu vya matawi vilivyobaki, mmoja akivuta na mwingine akitazama juu. Walipomaliza, Mbonea alimbeba Nakunda, akaenda nyumbani kula, kwa miguu yake mwenyewe.

Masika yakaja. Tawi la juu likaanguka siku ya upepo, likavunjika vipande saba juu ya mwamba, ndani ya miiba, na hapakuwa na mtu wa kuzikwa.

Basi, wenzangu, ngano hii yasema hivi: ukiweza kuufikisha mkono wako, usiutangulize uhai wako. Na asiyetaka kuimba jina la mtu kaburini, asikilize mtu yule anaposema naogopa; na kama hasemi, amuulize.

Ngano imetua, nami nimetua. Aliyependa utamu wake ajichotee, aliyeona uchungu aniachie mtungi. Mimi mwenyewe nilikuwapo siku ile, nikaomba kijiti kimoja cha kuni katika yale matawi. Wakaniambia msimuliaji huota moto wa wenzake. Ndiyo sababu mmeniona hapa kwenu. Sogeeni kidogo, nami nipate joto.