Bwana Kenge na Nusu ya Yai

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, kisima kimoja kilikuwa mali ya Bwana Kenge. Desturi yake ilikuwa hii: kila kinachozaliwa majini mwake, nusu ni chake.

Bi Chura alikuwa na yai moja tu. Mengine aliyataga kwenye kidimbwi cha ukwato wa ng'ombe, kwa uvivu wa kufika kisimani, jua likayakausha. Hakumlaumu mtu. Alimwomba Mungu msamaha, akalitaga hili la mwisho majini, akaketi kulilinda.

Chubwi! Kenge akatia miguu.

"Hodi humu! Nusu yangu iko wapi?"

"Karibu, bwana mkubwa. Lakini nusu ya yai haijazi hata jino. Tuligawe, kisha tuache kila nusu ikue. Wataka kichwa au mkia?"

"Kichwa cha chura ni macho na kelele tu, hwe hwe hwe! Mkia ndio mnofu. Mkia wangu, vichwa vyako. Nitarudi kesho tugawe."

Bi Chura akalitazama yai. Yai ndiyo kwanza lilikuwa limejichora mstari katikati. Saa hiyo halikuwa na kichwa wala mkia. Hakuna upande uliokwisha kupewa kazi yake. Kesho upande mmoja ungekuwa kichwa kweli, mwingine mkia kweli, na kuukata ni kumuua mtoto.

"Kesho? Na Korongo akipita leo, si atameza chako na changu?"

"Ala! Basi kata, mama, kata!"

"Kwanza uape, bwana."

"Naapa kwa ngozi yangu! Mkia tu, vichwa sivitaki!"

Bi Chura akaokota unywele wa mbuzi, akauzungusha pale penye mstari, akasema Bismillahi, akaukaza polepole. Tip! Nusu mbili.

Siku zikapita. Nusu moja ikaota kichwa, ikaota mkia. Ya pili nayo vilevile! Viluwiluwi wawili wazima, Kulwa na Doto. Mama yao akawaficha chini ya majani ya yungiyungi mpaka miguu ikatoka na mikia ikanywea, ikaisha.

Kenge akarudi, mate yakimchuruzika.

"Bi Chura we! Mkia wangu umenona?"

"Ingia uutafute. Utakaouona ni wako."

Ruka, pwata! Ruka, pwata! Vyura wawili wakatua mbele yake. Akamgeuza Kulwa, akamgeuza Doto. Nyuma laini kama zambarau.

"Mkia uko wapi?"

"Hata mimi siuoni, bwana."

"Basi nipe mmoja mzima!"

"Huyu ana kichwa, na huyu ana kichwa. Uliapa vichwa ni vya nani?"

 Kiapo ni kiapo. Kenge akageuka kwenda zake, akiburuta mkia pekee uliokuwapo kisimani pale.

Anayegawana kiumbe kabla Mola hajakimaliza, hajui alichochagua.