Mbuzi wa Aliyemshusha Fundi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na jengo la ghorofa nne pale Kibaoni. Jengo lilikuwa na mafundi, na miongoni mwao nilikuwemo mimi, nachanganya zege. Kwa hiyo anayetaka kunisahihisha asubiri nimalize, kisha anyamaze.

Fundi wetu wa kuta alikuwa Lubinza, Msukuma, mtu wa maneno mengi na mkono ulionyooka. Ukuta aliousimamisha Lubinza hakuna aliyeupima mara ya pili. Tulimpenda, ingawa kumwambia mtu hivyo kazini si desturi yetu.

Sasa, miezi mitatu kabla ya siku ninayoisema, mwenzake Mbiro alikanyaga ubao mbovu jukwaani, ghorofa ya pili, ubao ukakatika, akaenda chini. Hakufa. Alivunjika kiuno, yuko kwao, anakula vizuri na anamtuma mkewe kutwa nzima. Tulichangishana, tukampelekea sukari, machungwa na jogoo. Lakini ubao ule ulipokatika, Lubinza alikuwa amesimama kwenye ncha ya pili ya ubao huohuo, akabaki ananing'inia kwenye mrunda, ile nguzo ya mti inayobeba jukwaa. Aliyeanguka tulimpelekea sukari. Aliyebaki juu hatukumpelekea hata swali. Kesho yake alirudi kazini, nasi tukasema, huyo ndiye mwanamume.

Kumbe mwanamume halali. Baadaye alitueleza kwamba kila akifumba macho anausikia ubao ukikatika, anaruka kitandani, anamshika mkewe miguu. Sisi hatukujua. Tuliona tu kwamba amekuwa bubu, na kwamba ana visingizio. Jumatatu jino, Jumanne tumbo, Jumatano kamwota mjomba wake. Akajitolea kujenga choo cha mlinzi, kazi ya siku mbili, akaijenga siku tisa. Choo kile mpaka leo kimenyooka kuliko jengo lenyewe.

Hapo pana watu watatu, washikeni vizuri.

Wa kwanza ni Mama Chausiku, mama ntilie wetu, aliyepika chini ya kona ya jengo. Mwanamke mwenye macho. Ukibakiza tonge anataka kujua kwa nini.

Wa pili ni fomeni, Mzee Shemhilu, mwenye neno moja la maisha: zege halilali. Ukimwamkia, zege halilali. Ukimwomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi, anakupa pole, anakukumbusha kwamba zege halilali. Ofisini kwake mlitundikwa mikanda mitatu ya kujifungia juu, mipya, bado iko kwenye nailoni. Tuliivaa siku za mkaguzi. Mkaguzi akifika tunapendeza kama mabwana harusi, akiondoka mikanda inarudi kwenye nailoni isichafuke.

Wa tatu ni Kondo, fundi nondo, Mzaramo. Mzaramo na Msukuma mnawajua, utani wao umeanza kabla ya saruji. Kondo na Lubinza walitukanana asubuhi badala ya kupiga mswaki, na hakuna aliyekasirika.

Basi ikafika siku ya zege. Saa mbili asubuhi fomeni akataka mtu apande ghorofa ya nne, upande wa nje, aangalie kama kona imenyooka. Kondo akasema mbele ya watu wote kwamba wasimpe Lubinza, maana siku hizi Lubinza ni fundi wa vyoo. Tukacheka. Nami nilicheka, tena mimi ndiye niliyerudia ili waliokuwa mbali wasikie. Lubinza akachukua timazi lake, ule uzi wenye chuma nchani wa kupimia ukuta, akapanda.

Akafika juu, akaukumbatia mrunda kwa mkono wa kushoto, akateremsha timazi kwa mkono wa kulia, uzi ukashuka ghorofa zote nne mpaka karibu na sufuria za Mama Chausiku. Kisha akabaki hapohapo.

Saa tatu fomeni akamwita. Akajibu, "Napima."

Saa nne tukamwita chai. Akajibu, "Napima."

Saa tano na nusu nikamwita mimi, nikamwuliza kona gani hiyo inayopimwa kuliko mtoto wa kliniki. Akajibu, "Napima." Sauti ilikuwa nyembamba kidogo. Nikasema moyoni ni ule umbali.

Winchi ilikuwa imefungwa kwenye jukwaa lilelile. Kila ndoo ya zege ikipanda, mirunda inatikisika, na Lubinza anatikisika nayo. Sisi tulikuwa tunaimba na kumimina. Siku ya zege mtu hatazami juu.

Aliyetazama ni Mama Chausiku. Aliona timazi linacheza karibu na sufuria yake ya maharage, akalaumu upepo. Akatazama moshi wa jiko, unakwenda juu wima. Upepo hakuna. Akalaumu winchi. Akasubiri winchi ipumzike, ikapumzika, timazi halikutulia. Akalishika kwa kiganja. Likamtetemekea mkononi kama kifaranga.

Akamwendea fomeni, akamwambia yule mtu hapimi, yule anatetemeka, na akiachia uzi ataachia na mrunda. Fomeni akamjibu kwa lile neno lake mnalolijua. Mama Chausiku akarudi kwenye sufuria ya ugali, akaifunika, akaikalia, akatangaza kwamba hakuna mtu atakayekula Kibaoni mpaka Lubinza ashuke. Watu arobaini wakasimama, maana zege halilali, lakini hata njaa hailali.

Ndipo Mzee Shemhilu akainua uso. Akautazama uzi, akautazama mkono wa Lubinza.

Akasema, "Zimeni mashine."

Tukadhani hatukusikia vizuri. Akarudia. Nikazima kwa mkono wangu huu. Zege lilikuwa ndani ya mashine, ndani ya toroli, ndani ya karai, na jua la saa sita liko juu. Miaka thelathini na moja mzee yule hajawahi kuliacha zege lilale, na siku ile alisimama akalitazama linavyolala. Kisha akakimbia ofisini na magoti yake mabovu, akarudi na mikanda, anachana nailoni kwa meno. Akauliza nani anapanda.

Kondo alikuwa ameshavua ndala.

Alipanda, akakaa karibu na mwenzake, akajifunga yeye, akamfunga na mwenziwe. Kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, chini tulisikia kila neno.

"Mtani, unapima nini?"

"Napima."

"Ukuta umenyooka tangu saa mbili. Aliyepinda ni wewe."

Kondo akamsogelea, akasema, "Siku aliyoanguka Mbiro, mimi nilijikojolea. Mvua ndiyo iliyonisitiri. Mpaka leo nikipanda ngazi nahesabu mbao. Sijamwambia mtu."

Alikuwa amewaambia watu arobaini na mlinzi, lakini hakuna aliyecheka.

Lubinza akasema jambo. Kondo akamwomba aseme kwa nguvu, wale wa toroli hawajasikia.

"Naogopa!"

Basi alipolitoa hilo neno, vidole vikalegea kwenye mrunda, akalia, akacheka, akalia tena. Wakaanza kushuka. Mguu wa kulia, mtani. Huo ni wa kushoto, mtani. Wasukuma mna miguu mingapi, mtani? Hivyo hivyo mpaka chini, dakika arobaini, na Mama Chausiku akainuka kwenye sufuria.

Ule ugali ulikuwa umebanwa sawasawa, lakini tuliula.

Mashine tuliitindua siku mbili. Toroli moja liliganda na zege lake, lipo pale getini, mlinzi analikalia. Mwenye kampuni alimfokea Mzee Shemhilu mpaka koo likamkauka, na mzee akawa anamjibu, "Ndiyo bosi, zege limelala, mtu yuko macho." Mikanda ikatundikwa nje, mahali pa kuchukua. Na tangu siku hiyo mtu akichelewa kujibu huko juu, tunamwuliza, unapima, au unapima? Ole wako ujibu napima haraka haraka, utatumiwa mtu.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini Lubinza ana mama.

Bi Kabula alikuja kwa basi kutoka Usukumani, na kando yake mbuzi jike, mweupe, mwenye mimba ya kuzaa wiki hiyohiyo. Tulimwamkia. Akasema mbuzi huyu ni wa mtu aliyemshusha mwanawe. Mtu mmoja. Hachinjwi wala hagawanywi, maana shukrani ukiikata vipande inakuwa kitoweo. Akaishika kamba, akaangalia nani anakuja kuipokea.

Wakaja watatu kwa mpigo.

Mama Chausiku akasema, "Macho mlikuwa nayo nyote. Mimi ndiye niliyeona. Nisingeona, huyu angemzimia nani mashine, na yule angempandia nani?"

Kondo akamkumbusha kwamba wiki tatu nzima Lubinza alirudisha sahani nusu, na Mama Chausiku akawaambia watu ana mchumba duka la dawa.

Mzee Shemhilu akasema, "Kuona ni rahisi. Mimi nililaza zege. Jukwaa lingeendelea kutikisika, mngemwokota chini."

Mama Chausiku akauliza mikanda ilikuwa inamsubiri nani kwenye nailoni.

Kondo akasema, "Hawa walikuwa chini, Mama. Aliyepanda ni mimi. Tena nilitoa siri ya suruali yangu mbele ya mji, na hiyo hairudi."

Fomeni akamwuliza kwa upole, asubuhi ile nani alimwita fundi wa vyoo.

Wakachemka. Bi Kabula akawanyamazisha. "Sikuuliza nani ana kosa. Nimeuliza nani kanirudishia mwanangu." Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Na alipojifuta, kamba ikamtoka.

Mbuzi naye hakuwa na hofu. Akaona mbao za kupandia, akazipanda, tumbo mbele, kwato zinagonga ko ko ko, mpaka ghorofa ya pili, palepale alipoanguka Mbiro, akakuta mfuko mtupu wa saruji, akaanza kuutafuna. Ubao ukalia kidogo.

Sasa sikilizeni maajabu. Mbuzi alipokuwa chini, kila mtu alisema ni wake. Alipokuwa juu, Mama Chausiku akasema kwa kweli mbuzi ni wa fomeni. Fomeni akasema kwa haki ya Mungu ni wa Kondo. Kondo akasema hapana, wanawake kwanza.

Lubinza alikuwa kando muda wote huo, anapiga plasta ukuta wa chini. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga mbao za kupandia, na fomeni hakuwa amemwambia apande. Akaweka mwiko. Akasema, kama mtu anavyoomba chumvi:

"Nileteeni mikanda miwili. Na wewe mtani, kaa nyuma yangu na kamba ya mkanda, maana naogopa."

Hakuna aliyemcheka. Mimi nilimletea mikanda kwa mikono miwili.

Akapanda, Kondo nyuma yake. Ubao mmoja, mwingine. Alipofika karibu na pale pa Mbiro akasimama, akaushika mrunda. Tukaona mgongo unapanda na kushuka. Mama yake alikuwa ameishika ile khanga kwa meno.

Fomeni akaita taratibu, "Lubinza. Unapima, au unapima?"

"Naogopa kidogo, mzee," akajibu. "Naendelea."

Akaendelea. Akamfunga mbuzi mkanda wa pili, ukamkaa vizuri tu, na Kondo akataka mkaguzi aitwe aje aone. Wakashuka watatu, mtani nyuma, mbuzi katikati, Lubinza mbele, anavuja jasho. Alipokanyaga chini mama yake akamkamata uso kwa mikono miwili, akamtazama, akalia kwa sauti, nasi tukatazama pembeni kila mtu na saruji yake machoni.

Kisha Bi Kabula akaipokea kamba ya mbuzi, akawatazama wale watatu, akamtazama mwanawe, akasema, "Basi sasa wamekuwa wanne."

Lubinza akakataa, akasema hawezi kumdai mbuzi wa mama yake. Mama Chausiku akasema wala asikatae, maana hata kama wote watatu wamefanya yote waliyofanya, asingesema lile neno naogopa, vidole visingelegea. Kondo akamwambia Mama Chausiku ahukumu vizuri, asimpe mtu kwa huruma. Wakaanza upya.

Mimi nilikuwepo, nami sisemi. Mimi ndiye niliyerudia ule mzaha wa vyoo ili walio mbali wasikie, kwa hiyo mdomo wangu nimeufunga. Nawauliza ninyi mlioketi hapo mnacheka. Kuna aliyeona, kuna aliyelaza zege, kuna aliyepanda, na kuna aliyesema naogopa. Mbuzi anakaribia kuzaa, basi la Bi Kabula linaondoka saa nane, na mkono wa mama umeshachoka.

Haya, kamba ashike nani?