Mlaji wa Mafigani

Sogeeni, na anayesinzia atoke! Palikuwa na zimwi lililokula kila chenye uhai. Likala mbuzi, likala migomba, likamla na mume wa Mwanamvua. Mawe liliyatema. Siku moja likamvamia Mwanamvua jikoni.

"Kinachokula, kinachokua na kinachozaa ni changu!"

"Basi anza na huyu mafigani," akasema Mwanamvua. "Anakula kuni, hashibi. Ukimpuliza, anakua. Jana jirani alichukua kaa moja kwenye kifuu, likamzalia moto jikoni kwake."

"Ana uhai huyo!" Zimwi likaukumba moto wote, likaumeza. Mara likapiga ukelele, "Mtoe! Ananila!"

"Si nilikwambia anakula?" Mwanamvua akalisukumia ukuni mdomoni.

Hadithi imeungua, majivu zoeni wenyewe.