Mkanda wa Bi Digidigi

Mwaka ule visima vyote vya nyikani vilikauka isipokuwa kimoja, na wanyama wakawa wanakunywa pamoja na kukohoa pamoja. Homa ilianzia kwa nyumbu, ikahamia kwa pundamilia, na mwezi wa pili ulipoandama wagonjwa walifika arobaini.

Mfalme Simba akaita baraza. Ngedere, fundi wa vitu vidogo, alikuwa ametengeneza mikanda ya shingoni. Kila mkanda ulionekana kwenye kioo kikubwa kama nukta yenye jina: mwenyewe yuko wapi, na amekaa karibu na nani. Aliyekaa na mgonjwa angetengwa siku saba kwenye kichaka cha mbali.

"Kila mmoja atavaa," alisema Simba, "isipokuwa mimi. Mfalme hafuatiliwi."

"Na kioo atakitazama nani?" aliuliza Sungura, ambaye hakupenda mtu ajue ana mashimo mangapi.

Fisi akajitolea. Alisema ana uzoefu mkubwa wa wagonjwa, na hakuna aliyeweza kumpinga.

Sungura alivaa mkanda akinung'unika. Hata hivyo mikanda ilisaidia. Baada ya wiki tatu wagonjwa walibaki tisa, naye akakiri hivyo. Kilichomsumbua ni waliotengwa. Swala alikwenda kichakani mzima, hakurudi. Kongoni vilevile. Fisi alitangaza kwamba homa imewazidia, na kwamba mazishi ameshayashughulikia. Alikuwa amenenepa.

Kisha akaitwa Bi Digidigi, jirani yake Sungura. Alitakiwa kichakani kesho yake, ilhali kwa siku kumi hakuwa ametia mguu nje, alikuwa akinyonyesha. Sungura akamwendea Fisi.

"Bi Digidigi alikaa na nani?"

"Siwezi kukwambia," alisema Fisi, akikifunika kioo kwa mgongo wake. "Hizo ni siri za watu. Lazima tuheshimu faragha."

Sungura alirudi mbio. "Dada, nipe mkanda wako," alimwambia Bi Digidigi. "Wewe na mtoto jificheni kwangu. Usiniulize shimo lipi, nitakuonyesha."

Kulipokucha akaenda kwa Simba. "Mfalme, watoto wanasema unauogopa mkanda."

"Nani kasema? Ulete hapa!"

Mkanda wa Bi Digidigi haukumtosha shingoni, ukafungwa mkiani.

"Wengine wanasema huwezi kulala kule kichakani."

Simba akaenda kulala kichakani.

Adhuhuri Fisi alitokea, akijilamba midomo. "Bi Digidigi," aliita kwa upole, "nimekuja kukupima joto." Akatumbukiza kichwa kwenye majani, akauma alichokikuta. Kilikuwa mkia.

"Unapima kwa meno?" aliuliza Simba.

Akanguruma, na wanyama wakaja mbio. Nyuma ya kichaka ilionekana mifupa ya Swala na ya Kongoni, imetafunwa ikang'aa. Wanyama walimpiga Fisi, wakamfukuza, na hadi leo anaishi kwa makombo ya wengine.

Waliporudi penye kioo, Simba aliinua jiwe akivunje. Bi Digidigi, aliyekuwa ametoka shimoni, akamzuia.

"Usikivunje, Mfalme. Wagonjwa tisa bado wanakohoa, nami nina mtoto. Kiwekwe kisimani, tumwone anayekitazama."

"Na kituonyeshe nani alikaa na mgonjwa, basi," alisema Sungura. "Mahali mtu anapolala hakipaswi kupajua. Homa ikiisha, mikanda yote ichomwe moto."

"Na huu wangu?" aliuliza Simba.

"Utauvaa mpaka siku hiyo, Mfalme, kama sisi."

Simba alinguruma kidogo, halafu akauacha mkiani. Mvua za masika ziliponyesha, homa ilikwisha na mikanda ikachomwa mbele ya wote. Tangu hapo, nyikani, anayetaka kujua mwenzake yuko wapi huulizwa kwanza anataka kujua kwa nini, na mpaka lini.