Bastola ya Futari na Dhamana ya Tajiri Badawi

Hapo zamani, masultani walipokuwa na ndevu ndefu na amri nyingi, palikuwa na mtu katika mji wa Kivumoni akiitwa Machano, hana mbele wala nyuma. Kazi yake ilikuwa ya mwezi mmoja tu kwa mwaka: kila jua likizama katika Ramadhani, hupanda juu ya dari la kasri akapiga bunduki ya futari. Miezi kumi na mmoja iliyobaki hungoja Ramadhani. Kwa kazi hiyo alipewa chumba kimoja nyuma ya kasri, akakaa humo na mkewe, Bi Mwanatumu. Watu walimwita mpumbavu, naye hakukataa, kwani mpumbavu hasumbuliwi kwa maswali.

Desturi ilikuwa hivi. Kila mtu hufungua kinywa kwa tende na maji mara asikiapo adhana, kama dini itakavyo. Lakini amri ya Sultani Muhsini ilisema kwamba kawa la sinia la kasri halifunuliwi mpaka mlio wa bunduki usikike, na Sultani mwenyewe aliiona amri hiyo kuwa pambo la utawala wake.

Basi mwaka mmoja, ile bunduki ya futari, gobori la zamani, ikapasuka kwa uzee. Sultani akanunua bastola mpya ya risasi sita, yenye mpini wa pembe, kwa shemeji yake Tajiri Badawi, nayo ikaja na karatasi ya dhamana iliyopigwa muhuri wa kasri. Sultani akamkabidhi Machano mbele ya watu, akasema, "Ewe Machano, tangu leo makawa yangu yatafunuliwa kwa mlio wa bastola hii, wala si mwingine. Na siku mlio huo usiposikika, utahama mji wangu, wewe na mkeo."

Machano akenda nyuma ya kasri kuijaribu. Ikasema, ka. Akaijaribu mara sita, nayo ikasema ka mara sita. Akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka dukani.

"Bwana Badawi," akasema, "bastola yako hailii."

Tajiri akakunjua dhamana, akasoma polepole kama asomaye hati ya ndoa: "Muuzaji ataitengeneza bastola endapo itakataa kulia katika saa ya kazi yake, mbele ya macho yake muuzaji. Matengenezo ni siku tatu." Akainua uso. "Haya, kazi yake ni nini?"

"Kulia jua likizama, mwezi wa Ramadhani."

"Na leo?"

"Mwezi ishirini na nane Shaabani, asubuhi."

"Basi haijakataa kazi, imelala. Aliyelala hapelekwi kwa mganga. Nenda, bwana."

Machano akenda kwa Sultani, akamkuta akitiwa wanja. Sultani akasikiliza kwa jicho moja, akasema, "Dhamana ina muhuri wangu, na muhuri wangu haupingwi."

Hapo Machano akamwona mawazoni Bi Mwanatumu amefukuzwa mjini, yuko njiani na chungu chake kichwani, hajui anakwenda wapi. Akauliza kwa adabu, "Na ile amri ya makawa, Maulana, nayo haipingwi?"

"Haipingwi hata na mimi."

"Alhamdulillahi. Basi naomba moja tu. Bwana Badawi aalikwe futari ya kwanza, aketi mahali ambapo macho yake yataiona bastola."

Sultani akacheka, akasema, "Mpumbavu huyu anaombea wengine mwaliko!" Akakubali.

Ramadhani ikaingia. Jioni ya kwanza masinia yakapangwa uani, na chini ya makawa pakatoka harufu ya samaki wa kupaka, mbaazi za nazi na tambi za iliki. Adhana ikalia, watu wakala tende wakanywa maji, wakaswali, wakarudi wakaketi, macho yote juu darini. Machano akainua bastola. Ka.

"Machano!" akaita Sultani.

"Labeka, Maulana. Bado." Ka.

Ikawa hivyo hata tambi zikaanza kupoa. Sultani akapeleka mkono kwenye kawa, kisha akawaona mawaziri wake wakimtazama, akaurudisha, akajifanya anafukuza nzi. "Badawi!" akanguruma. "Itengeneze!"

"Maulana," akasema Machano kutoka juu, taratibu kabisa, "dhamana yasema siku tatu. Nayo ina muhuri."

Sultani akayatazama yale masinia, akahesabu siku tatu juu ya kila moja. "Badawi," akasema kwa sauti ndogo, ambayo ilitisha kuliko ile kubwa, "utaitengeneza sasa hivi, ama utakula hiyo karatasi, maana hiyo haikufunikwa kawa."

Tajiri akapanda ngazi joho mkononi. Akaifungua bastola, akakuta kile chuma kidogo kinachogonga risasi ni kifupi, hakifiki. Akachomoa bastola yake mwenyewe kiunoni, akang'oa chuma chake, akakitia katika ile ya futari. Machano akaitwaa, akainua mkono. Mlio ukasikika hata ng'ambo ya mto, na makawa yakaruka yote kwa pamoja.

Sultani alipokwisha shiba kidogo, hasira zikamtoka, akamwita Machano chini. "Chumba ni chako maisha yako yote. Na tangu leo, kila muuzaji atakayetoa dhamana mjini humu atafuturu penye kitu alichokiuza. Lakini niambie: sisi sote njaa ilikuwa ikituuma, nawe ulisimama kule juu umetulia tuli. Lau Badawi angeshindwa, ungevumilia vipi siku tatu?"

Machano akajifuta masharubu, yenye uji mkavu.

"Maulana, amri yako ilitaja masinia ya kasri. Chungu cha Bi Mwanatumu haikukitaja. Nilipanda nacho."

Sultani akacheka hata tambi zikampalia. Tajiri Badawi peke yake hakucheka, kwani bastola yake kiunoni sasa ilisema ka, wala yenyewe haikuwa na dhamana.